Wachongaji wa silinda hedi za injini za nguvu hapa Dar: tunawajuaje kabla ya kuwaachia kazi?

Kipimo_Kwanza (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Swali la "fundi gani mzuri wa hedi hapa Dar" limeulizwa mno, na jibu huwa ni jina la mtaa: nenda Gerezani, nenda Keko, nenda Barabara ya Nyerere. Mtaa haupimi gaidi ya valvu (kibomba kinachoongoza shina la valvu). Karakana mbili zinazotazamana zinaweza kuwa na mashine za aina moja, moja ikatoa hedi ya kudumu na nyingine ikatoa hedi ya kurudishwa.

Kazi yenyewe: hedi ya 1JZ-GTE, injini ya Toyota ya silinda sita yenye turbo, ile ya zamani isiyo na VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa valvu). Gari ilichemsha. Mpango ni turbo kubwa kidogo kuliko ya kiwandani, presha ya bar 1.2, na gasketi ya chuma ya matabaka (MLS). Nahitaji gaidi, siti (pete ambazo valvu zinakalia zikifunga), uso (unaokaa kwenye gasketi), na poti (njia za hewa na moshi) kama kweli kuna haja.

Majina ya karakana na namba za simu yaende inbox. Hapa tuweke vigezo: niulize nini, nione nini mezani kwake, nidai namba zipi.

Thau_Mbili

Mkuu, ukiingia karakana usianze kuangalia mashine, angalia vifaa vya kupimia. Mashine ya siti inaweza kuwa ya bei mbaya, lakini kama fundi anapima shina la valvu kwa vernia, ondoka na hedi yako. Shina la JZ ni milimita 6, na nafasi kati ya shina na gaidi upande wa inteki (hewa inapoingia) ni 0.025 hadi 0.060, ekzosi 0.030 hadi 0.065. Vernia ya kawaida inasoma kwa hatua za 0.02, tena inategemea mkono. Hapo panatakiwa maikromita ya kusoma 0.001 kwa shina, na gaji ndogo ya matundu kwa ndani ya gaidi.

Mwombe apime gaidi moja mbele yako. Anayejua atapima juu, katikati na chini, kila sehemu kwa pande mbili zinazokatana, kwa sababu gaidi haiishi sawasawa: inapanuka midomoni na kubaki nzima katikati. Anayetikisa valvu kwa kidole na kusema "hii bado nzima" hajapima kitu. Kutikisa kunaonyesha gaidi iliyokufa kabisa, basi.

Swali la pili: unaanza na gaidi au siti? Jibu sahihi ni moja: gaidi. Kisu cha siti kinaongozwa na pini inayoingia ndani ya gaidi. Ukikata siti kwanza halafu ukabadili gaidi, senta imehama na siti yote ni ya kurudia. Anayekuambia "yoyote tu" hajawahi kurudishiwa hedi inayovuja, au amerudishiwa na hakujua sababu.

La tatu: unaandika? Karakana nzuri itakupa karatasi yenye namba za valvu 24. Nyingi hazitoi kwa kuwa wateja hawadai. Ukidai, wengine watakubali na wengine watakasirika. Wanaokasirika wameshakujibu.

Shamba_la_Spea

Naweka kambi hapa.

Nyerere_Road

Niongezee upande wa uso, maana hapo ndipo MLS inapowaumbua watu.

Karakana kubwa za ukanda wa viwanda, Chang'ombe hadi Barabara ya Nyerere, kazi yao ya kila siku ni malori na jenereta. Hedi za chuma cha kutupwa, gasketi laini. Mashine zao ni nzito na ni nzuri, ila mazoea yao ni ya gasketi inayosamehe. Gasketi laini inaweza kukaa kwenye uso wa Ra (kipimo cha ukwaruzo wa uso) 1.5 hadi 2.5 mikromita, tena inapenda mikwaruzo kidogo ya kushikilia. MLS inataka Ra isiyozidi 1.3, na ukipata 0.8 ndio vizuri zaidi. Maji na presha hupita kwenye mifereji ambayo jicho halioni.

Kwa hiyo uliza: unasaga kwa jiwe au kwa kisu? Jiwe la chuma cha kutupwa likiwekwa kwenye alumini linaziba, linaanza kusugua badala ya kukata, uso unapata joto na kuvutwa. Alumini inataka kisu kikali, mpito wa mwisho mwembamba wa 0.02 hadi 0.05, kichwa kinazunguka haraka na meza inakwenda polepole. Kama anatumia mkanda wa msasa, shukuru na uondoke.

Usipime ukali wa uso kwa ukucha. Kuna vibao vya kulinganishia, vimeandikwa thamani za Ra, unaweka kando ya hedi na kulinganisha. Havina gharama kubwa, na karakana isiyo navyo haiwezi kukuahidi 0.8.

Jambo dogo la hapa kwetu: umeme. Ukikatika katikati ya mpito, kisu kinaacha mstari. Mstari huo hautoki kwa msasa, unarudia mpito mzima na unapoteza unene mwingine. Uliza kama mashine hiyo ina jenereta. Kama haina, akubaliane nawe mapema kwamba mpito wa kurudia unahesabiwa ndani ya kikomo mlichoandikiana.

Mchoma_Argoni

Mleta mada amesema gari ilichemsha, halafu wote mmekimbilia siti. Taratibu, wakuu.

Hedi iliyochemsha ina maswali matatu kabla ya kuchongwa: imepasuka, imepinda, au imelainika?

Kupasuka. Ioshwe kwanza, plagi za njia za maji zitolewe, zizibwe kwa sahani zenye raba, iingizwe hewa ya bar 2 hadi 3 ndani ya maji ya moto ya kama nyuzi 80. Maji baridi yanadanganya kwa sababu nyufa nyingi hufunguka kwa joto. Boliti za sahani zikazwe vizuri na usisimame mbele yake. Nyufa za nje ya njia za maji, hasa kati ya siti mbili, zinatafutwa kwa rangi ya kupenya: unapaka, unasubiri, unafuta, unapuliza ungaunga mweupe, rangi inajichora. Mtu akikwambia atatumia sumaku kwenye hedi ya alumini, hiyo ni kwa chuma tu.

Kupinda. Kitabu cha Toyota kwa JZ kinataja kikomo cha 0.10 upande wa bloku. Rula ya chuma iliyosagwa, fila (vibapa vya kupimia upenyo), njia sita: pande nne na mishazari miwili. Kwa MLS mimi sikubali zaidi ya 0.05 baada ya kazi. Tatizo ambalo wachongaji wengi hawaligusi ni hili: hedi ikipinda chini, imepinda na juu. Kamshafti (shafti zinazofungua valvu) za JZ zinazunguka moja kwa moja kwenye alumini, hakuna beringi. Ukisaga chini mpaka pakanyooka, ile njia ya kamshafti juu bado ni ndizi. Hedi inafungwa vizuri, gasketi inashika, halafu kamshafti inakwama au inakatika.

Kipimo rahisi: toa tapeti zote (vikombe kati ya kamshafti na valvu), weka kamshafti na kepu zake kwa namba na mishale yake, kaza kwa toki ya kitabu, zungusha kwa mkono. Izunguke bila kusita. Ikisita, hedi inatakiwa kunyooshwa kwa joto kabla ya kusagwa, si kusagwa tu. Kunyoosha nako kuna hatari yake: joto la kunyooshea linakaribia lile linaloharibu ugumu wa alumini, kwa hiyo si kazi ya kumpa mtu mwenye tochi ya gesi na makadirio.

Kulainika. Kipima ugumu cha mkononi kinatosha. Pima karibu na chemba ya mwako, kisha pima mwisho wa hedi ambako moto haukufika. Tofauti ikiwa kubwa, hiyo hedi haitabana gasketi chini ya bar 1.2 hata isagwe ing'ae kama kioo. Tafuta nyingine.

Kipimo_Kwanza

Asante mkuu. Hilo la njia ya kamshafti sikuliweka kwenye karatasi yangu. Je, ufa kati ya siti unachomelewa au ndio basi?

Mchoma_Argoni

Inategemea kina. Ufa mfupi kati ya siti mbili kwenye alumini: siti zote mbili zinatolewa, ufa unachimbwa wote mpaka mwisho, hedi inapashwa moto nzima ndani ya oveni, inachomelewa TIG kwa argoni, inapoa polepole ikiwa imefunikwa. Baadaye inachongwa upya mashimo ya siti na uso. Kuchomelea juu juu bila kutoa siti ni kupaka rangi tu, ufa unarudi. Na sehemu iliyochomelewa inabaki laini kuliko zamani. Kwa gari ya kwendea kazini nakubali. Kwa bar 1.2, sikubali. JZ bado zinaingia za mtumba kutoka Japani, tafuta hedi nyingine ambayo haijachemsha.

Boksa_EJ

Kwa wenzangu wa Subaru, msije mkachukua ushauri wa JZ mzima mzima.

EJ, injini yao ya silinda za kulala pande mbili, ina hedi mbili. Zikisagwa, zisagwe sawa. Upande mmoja ukitolewa 0.10 na mwingine 0.25, kompresheni za pande mbili zinatofautiana na injini itatetema bila mtu kujua kwa nini. Fundi aandike unene wa kila hedi kabla na baada.

Pili, EJ nyingi za turbo za baadaye hazina shimu (kisahani cha kurekebisha), unene wa tapeti ndio unaorekebisha nafasi kati ya kamshafti na valvu. Kila siti ikikatwa, valvu inazama, shina linapanda juu na nafasi inapungua. Kwenye JZ unabadili kidude cha shimu. Kwenye EJ unatafuta tapeti nzima ya unene mwingine, na hapa mjini huzipati zote kwa siku moja. Kwa hiyo mwambie mchongaji akate kidogo kadiri siti inavyoruhusu, na apime kina cha kila valvu ili zote 16 zilingane.

Mzee_wa_Pesti

Vijana mnazungusha mambo. Valvu inasagwa kwa pesti na fimbo ya raba, inakaa. Miaka yote tumefanya hivyo, magari yanatembea.

Thau_Mbili

Shikamoo mzee. Magari yanatembea, ni kweli, na kwa injini ya kiwandani yenye siti nzima pesti inatosha. Hapa tunazungumzia turbo.

Pesti haitengenezi siti, inalazimisha valvu na siti zifanane kwa kula zote mbili. Ikitumika sana inachimba mfereji kwenye uso wa valvu na kupanua mgusano. Mgusano mpana unashika kaboni, mwembamba kupita kiasi unashindwa kutoa joto. Valvu ya ekzosi inapoa zaidi kwa kugusa siti, kwa hiyo upana wake una hesabu. Kwa injini hii: inteki 1.0 hadi 1.2, ekzosi 1.4 hadi 1.6, mgusano ukae katikati ya uso wa valvu au nje kidogo ya katikati.

Siti inakatwa pembe tatu: 45 ya kukalia, 30 juu yake, 60 chini yake. Hizo mbili za pembeni ndizo zinazoweka upana na mahali pa mgusano, na ndizo zinazoisaidia hewa kupita valvu inapoanza kufunguka. Pesti laini kidogo kabisa mwishoni, mzunguko mmoja au miwili, kwa ajili ya kuona tu kwamba duara limekamilika, hiyo sina ugomvi nayo. Hata bora zaidi ni bluu ya kupimia. Na senta: kipimasaa juu ya pini ya gaidi, siti isiyumbe zaidi ya 0.05. Hiyo ndiyo thau mbili (elfu mbili za inchi), mzee.

Mzee_wa_Pesti

Marahaba. Thau mbili nazijua kabla hujazaliwa. Lakini siti mpya wanazozichonga kwa lethi hapo mjini unazionaje?

Thau_Mbili

Hapo umegusa. Siti ya kuchongwa kutoka chuma chochote kilichopatikana ni hatari. Chuma laini kinapigwa na valvu mpaka kinazama, na nafasi ya valvu inaisha. Siti inunuliwe kama siti, ya turbo iwe na ugumu wa joto, kisha ipunguzwe nje kufuata tundu. Ibane kwenye alumini kwa 0.10 hadi 0.15. Hedi ipashwe kama nyuzi 150, siti itoke kwenye friza, iingie kwa pigo moja fupi mpaka isikike imekaa chini. Ikigongwa nyundo kumi ndipo iingie, inakwangua tundu na siku moja itadondoka.

Angalizo: tundu lipimwe hedi ikiwa imepoa. Ikitoka kwenye maji moto ya kuoshea ikiwa na nyuzi 40 zaidi ya hewa, tundu la milimita 36 limepanuka kama 0.03. Kwenye kubana kwa 0.10 hiyo ni theluthi nzima.

Gaidi nazo ni hivyo hivyo: hedi nyuzi 80 hadi 100, gaidi ya zamani inatoka kwa kigongeo chenye ngazi, urefu unaojitokeza juu unapimwa kabla. Mpya ikishaingia inafunguliwa kwa rima mpaka kipimo. Za shaba nyeusi ya manganizi zinapenda turbo kwa kuwa zinatoa joto haraka.

Bureti_CC

Mleta mada amesahau kompresheni. 1JZ ina kipenyo cha silinda milimita 86 na mwendo wa pistoni 71.5, silinda moja ni cc 415.3. Kompresheni ya 8.5 maana yake nafasi iliyobaki juu ni cc 55.4, yaani chemba, gasketi na pistoni kwa pamoja. Ukisaga ukapunguza cc 1, unakuwa na 54.4, kompresheni inapanda hadi 8.63. Si mbaya. Lakini ni vyema kujua kabla, na unene wa MLS unayonunua uingie kwenye hesabu. Ndio maana gasketi inunuliwe kwanza, iende na hedi karakana.

Chemba zote sita zipimwe kwa bureti (mrija wa kupimia ujazo) na kipande cha plastiki safi chenye tundu, grisi nyembamba pembeni, valvu na plagi zikiwa ndani. Tofauti ya kubwa na ndogo isizidi nusu cc. Kipimo hiki unaweza kukifanya mwenyewe kwa bureti ya duka la vifaa vya maabara.

Kusaga pia kunachelewesha kamshafti. Puli ya milimita 120, ukitoa 0.2, kamshafti inachelewa karibu 0.4 ya digrii kwa krenki. Ukitoa 0.5 inakaribia digrii nzima. Kwa 0.2 achana nayo.

Dada_Altezza

Na poti? Kuna mtu ananiambia atazing'arisha ziwe kama kioo, nitapata nguvu.

Bureti_CC

Dada, kwa poti za inteki kioo hakikusaidii. Ziachwe na uso wa msasa wa namba 80. Ekzosi zinaweza kulainishwa zaidi, kaboni isishike. Nguvu haiko kwenye kung'ara, iko kwenye milimita chache juu na chini ya siti: kona ya ndani ya poti na koo. Koo liwe karibu asilimia 85 hadi 90 ya kipenyo cha valvu. Akipanua poti yote, kasi ya hewa inashuka na gari inakuwa nzito kwenye mzunguko mdogo.

Akisema "nimeipoti" muulize namba. Meza ya kupimia hewa ya kweli inapima kwa tofauti ya presha ya inchi 28 za maji. Kama hana, mota za vakyumu klina na mpira wa maji wenye umbo la U zinatosha kulinganisha silinda moja na nyingine. Hazikuambii farasi wangapi, zinakuambia silinda ya tatu imekosewa.

Kwa bar 1.2 kwenye 1JZ, mimi poti nisingeigusa kabisa. Hela hiyo iende kwenye gaidi na siti.

Kipimo_Kwanza

Nimeandika karatasi ya kumpa fundi. Nisahihisheni:

Osha, presha testi kwa maji moto, rangi ya kupenya. Pima uso, pima njia ya kamshafti, pima ugumu. Simamisha kazi unipigie kama kuna kimoja kimeshindikana.
Gaidi mpya 24, nafasi inteki 0.03 hadi 0.04, ekzosi 0.04 hadi 0.05.
Siti pembe tatu, upana 1.0–1.2 na 1.4–1.6, kuyumba si zaidi ya 0.05.
Saga uso kwa kisu, Ra 0.8, usitoe zaidi ya 0.15 bila kuniuliza.
Osha tena, vakyumu kwenye kila poti.

Thau_Mbili

Iko vizuri. Ongeza mambo mawili. Urefu wa springi iliyofungwa: valvu ikizama 0.3, springi inalegea, na kwa mzunguko mkubwa valvu inaanza kuelea. Aweke washa za chini ya springi kurudisha urefu. Na asisage ncha ya shina kutafuta nafasi. Ule ugumu ni ngozi tu.

Shimu utazifanya wewe. Shimu mpya ni ya zamani ukijumlisha nafasi uliyoipima, ukitoa unayoitaka. Mfano, ya zamani 2.90, umepima 0.08, inteki unataka 0.20: 2.90 + 0.08 − 0.20 = 2.78. Hakuna 2.78, chukua 2.80 utapata 0.18, iko ndani ya 0.15 hadi 0.25. Ekzosi iwe 0.25 hadi 0.35.

Nyerere_Road

Siku ya kuchukua nenda na rula, fila na mafuta ya taa. Geuza hedi, plagi zikiwa ndani, jaza chemba, subiri dakika kumi, chungulia poti kwa tochi. Unyevu kidogo ukutani ni swali, tone ni kurudisha kazi hapo hapo. Chungulia na njia za oili, chipsi za alumini hujificha kwenye vitundu vya kamshafti.

Vitu vya chuma kama valvu na springi vipake oili, funga kwenye nailoni. Unyevu wa Dar unaleta kutu usiku mmoja, hasa kama unakaa karibu na bahari.

Mzee_wa_Pesti

Na hedi isilazwe kwenye pikapu uso chini juu ya bati. Weka godoro.

Kipimo_Kwanza

Imeingia kwenye karatasi, mzee.